Bustani ya Mama Sagini, Ghorofa ya Tatu

Kapkatet
10 Machi 2025

Mama Sagini,

Chamgei. Simu usinipigie tena. Sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia linasikia linachotaka. Juzi ulipopiga nilidhani ni Kipngeno, nikakugombeza bure kuhusu ndama. Tuandikiane. Yule mwalimu wa ngumbaru alitusumbua vya kutosha pale kambini tukitoka kuchuma chai, wacha sasa kazi yake itufae.

Sikiza. Kile kidonda cha mguu nilichokuambia ni kidogo, si kidogo. Ni sukari. Daktari anataka kioshwe na kufungwa kila baada ya siku moja, na unajua kutoka hapa kwetu hadi lami ni mlima wa matope matupu. Amesema wazi kwamba nikicheza watakata. Kipngeno anataka nihamie Kericho karibu na kliniki hadi nipone. Amepata chumba, na unajua ni wapi? Kwenye ploti yako, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wako.

Nilimuuliza mwanangu swali moja tu: kuna udongo? Akacheka, akasema, "Mama, kuna simiti na balkoni ya hatua mbili." Nikamwambia basi akae nayo yeye. Tangu niache kazi ya chai nije hapa, sijamaliza siku bila kushika udongo. Nikikaa bure nikitazama ukuta, mguu utapona na kichwa kiharibike.

Lakini wewe uko huko tangu mwaka jana, mashine ya kuchuma chai ilipochukua kazi yenu. Wewe hunifichi kitu. Niambie ukweli: mtu anaweza kuotesha kitu hapo juu, akakila? Ukisema ndiyo, nakuja. Ukisema hapana, mimi na mguu wangu tutabaki hapa.

Jibu mpe Kipkurui, yule dereva wa gari la maziwa. Kila asubuhi anashusha maziwa kwenye duka lililo chini ya ploti yenu.

Ni mimi,
Chelimo, Mama Kipngeno


Kericho
12 Machi 2025

Mama Kipngeno wangu,

Barua yako imenikalisha chini. Mguu wako si wa kuchezea, na wewe unauchezea.

Unaniuliza kama kitu kinaota huku? Weee! Balkoni yangu sakafu haionekani. Kuna sukuma wiki, kuna dania, kuna vitunguu kwenye ndoo, kuna ile mboga ya mgagani, chinsaga yetu ambayo nyinyi mnaiita isagek. Nikitaka kuanika nguo lazima niombe njia. Gekara, msimamizi wa ploti, akipita chini anainua kichwa na kuuliza, "Mama Sagini, hii ni nyumba ama ni shamba?"

Kwa hivyo njoo. Usingoje mvua ikolee, na usingoje mtu mwingine achukue hicho chumba.

Rafiki yako,
Bosibori


Kericho
12 Machi 2025

Kipkurui mwanangu,

Barua kubwa ni ya Mama Kipngeno. Hii ndogo ni yako, isome kisha uichane.

Nimemwambia nina bustani. Sina. Kwenye balkoni yangu kuna stuli, beseni na ndala moja. Nimechuma chai miaka thelathini na moja, lakini sijapanda hata kitunguu. Kule kampuni walipanda wao, sisi tukachuma. Sasa nikimwambia hapana, yule mwanamke atakaa huko mpaka wamkate mguu. Namjua. Akikataa amekataa. Na nikuambie jambo jingine: ule mlango unaotazamana na wangu umefungwa tangu nihamie hapa, na nimechoka kusalimia kufuli kila nikitoka.

Kwa hivyo akikuuliza, bustani umeiona. Na kesho uniletee udongo, magunia mawili, pamoja na miche ya sukuma kutoka kwa wale wanaouza kando ya barabara. Naanza mara moja. Mungu ataelewa.

Mama Sagini


Kapkatet
17 Machi 2025

Mama Sagini,

Aki wewe! Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaisomea na ng'ombe. Dania! Vitunguu kwenye ndoo! Na kule kambini ulikuwa unaniuliza kama viazi vinaota juu ya mti.

Nimemwambia Kipngeno achukue kile chumba. Nitakuja Pasaka ikiisha, tukimaliza kupalilia mahindi. Usinigombeze kuhusu kungoja. Tangu aliponiona nimekubali, Kipngeno ananipeleka hospitali kule lami kufungwa kidonda kwa pikipiki ya jirani, siku ambazo njia inapitika.

Humu ndani nimekufungia mbegu za isagek, za shamba langu mwenyewe. Najua unazo, lakini mbegu haikatai kuongezwa. Na wewe unitumie fungu moja la isagek ya balkoni nionje. Nataka nijue ladha ya mboga iliyokulia hewani.

Chelimo


Kericho
19 Machi 2025

Mama Kipngeno,

Fungu lako hili hapa. Nimelichuma asubuhi hii, bado lina umande. Ukilipika usitie maziwa mengi, yataficha utamu wa balkoni.

Bosibori


Kapkatet
20 Machi 2025

Kipkurui,

Simamisha gari kabla hujasoma.

Lile fungu la isagek ulilonibebea jana limefungwa kwa uzi wa buluu wa gunia, mafundo mawili. Uzi huo niliufunga mimi. Isagek hiyo niliichuma Jumanne, mke wa Kipngeno akamuuzia mama wa soko, ikaenda Kericho ndani ya gari lako, Bosibori akainunua, ikarudi kwangu ndani ya gari lako. Mboga yangu imesafiri kuliko mimi.

Nilikasirika hadi chai ikapoa mkononi. Nilikuwa nimeshaita Kipngeno nimwambie aachane na kile chumba. Halafu nikaanza kucheka, peke yangu, hadi mbwa akaja kunitazama. Umande bado! Mtu anayeweza kuninunulia mboga yangu mwenyewe na kunifundisha kuipika, huyo ananitaka huko kwa moyo wote.

Lakini kutakwa hakuoteshi mboga. Wewe unapanda ngazi za kwake na magunia ya udongo, usinikatalie, maana magunia yangu mawili matupu hayaonekani. Kwa hivyo nimeamua hivi. Usimwambie kwamba najua. Yeye aendelee kupanda, na wewe uniandikie unachokiona kwa macho yako. Kama Bosibori, ambaye hajui jembe linashikwa upande gani, ataotesha kitu pale kabla ya Pasaka, basi hata mimi nitaweza kuishi pale. Kikikataa, siji, na Kipngeno aseme atakavyosema.

Mama Kipngeno


Kericho, dukani
31 Machi 2025

Salamu Mama,

Nyinyi wawili mmenifanya jasusi wa pande mbili, na mimi niliajiriwa kubeba maziwa.

Ukweli ni huu. Zile mbegu zako zilimea siku ya tano. Aliita ploti nzima waje waone, hata mimi nilivutwa mkono nikiwa na mitungi. Halafu akachukua mbolea ya chai, ile alitoka nayo kampuni kwenye mkebe, akamwaga mkono mzima. Siku mbili tu, zote zimeungua kama zimepigwa pasi. Alilia, Mama. Alidhani sijaona.

Sukuma ziko kumi na mbili. Ziko hai lakini ni njano. Amezipanda kwenye mitungi ya mafuta ya kupika na hakuitoboa chini, ukiinamisha moja inamwaga maji kama supu. Na ile mvua ya mawe ya saa tisa ikianza, anasimama huko nje na mwavuli. Mwavuli unafunika sukuma, yeye analowa.

Sasa sijui kama hiyo inaitwa bustani. Amua wewe.

Kipkurui
(Mimi pia napenda mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, kama kuna mtu anafikiria kunishukuru.)


Kapkatet
2 Aprili 2025

Mama Sagini,

Isagek yako ilikuwa tamu kabisa. Ilinikumbusha ya shambani kwangu, sijui kwa nini.

Kwa vile wewe ni mtaalamu sasa, nisaidie jambo. Kuna jirani yangu hapa, mtu mzuri lakini mjinga wa shamba, amejaribu kupanda kwenye mitungi. Akatia mbolea ya chai, miche ikaungua. Mbolea hiyo ni kali, ilitengenezewa mti mzima wenye mizizi ya kwenda chini, si kitoto cha wiki moja ndani ya mkebe. Nilimwambia hivi, na wewe useme kama nilikosea. Atie msumari motoni, atoboe matundu matano chini ya kila mtungi. Aweke mawe madogo kwanza, ndiyo udongo ufuate. Udongo sehemu mbili, samadi ya zamani sehemu moja, ile imekuwa nyeusi na haina harufu tena. Maji asimwage kwa kuangalia saa. Aingize kidole: kikitoka na udongo uliokishika, aache, kikitoka kikavu, amwagilie. Na mbegu asizizike kama maiti, azinyunyize juu na kuzifunika kidogo tu.

Tena nilimwambia asilie. Za kwanza kila mtu huziua. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa niliua maharagwe ya ekari nusu, na mama mkwe akiwa amesimama akitazama.

Kipkurui atakuletea gunia la samadi. Linanizibia njia tu hapa, na wewe una bustani kubwa. Na mbegu nyingine hizi, najua zile za kwanza zimekwisha.

Mguu uko vile vile. Wiki iliyopita njia haikupitika siku nne.

Chelimo


Kericho
16 Aprili 2025

Mama Kipngeno,

Tafadhali keti kwanza.

Sina bustani. Nilipokuambia ninayo, nilikuwa na stuli na beseni. Lile fungu nililinunua sokoni. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa mguu wako, na kwa sababu huku juu hakuna mtu wa kuniita jina langu kutoka asubuhi mpaka Gekara aje kuuliza habari ya taka. Ndiyo hiyo. Nimeandika, na sifuti.

Lakini baadaye nilianza kweli kweli. Ule ushauri wa jirani yako niliufuata wote, umshukuru sana. Nilitoboa, nikatia samadi, nikaingiza kidole hadi kucha zikawa nyeusi kama zako. Sukuma zikageuka kijani ndani ya wiki moja! Zikasimama wima, majani mapana, nikawa naamka nikizisalimia moja moja. Nikasema, Pasaka akija atakuta ni kweli, na uongo wangu utakuwa umejifia wenyewe bila kumsumbua mtu.

Halafu jana asubuhi. Nilisimama katikati ya sukuma nikifikiria mguu wako, na mikono ikaenda yenyewe. Majani mawili na kichipukizi. Majani mawili na kichipukizi. Mkono ukijaa, natupa nyuma ya bega, kwenye kikapu, kama miaka yote ya chai. Kikapu kiko wapi? Nilistuka nikisikia Gekara anapiga kelele kule chini, "Nani huyo ananimwagia mboga?" Kugeuka, sukuma zote kumi na mbili nimezikata vichwa. Vichwa viko kwenye kofia ya Gekara na kwenye shuka za watu zilizoanikwa.

Nimebaki na vijiti kumi na viwili. Chinsaga ya mara ya pili imeota, lakini ni ndogo, haifiki hata urefu wa kidole. Uliniuliza ukweli mwezi uliopita, nakupa leo: nimeshindwa.

Lakini Mama Kipngeno, kushindwa kwangu kusikukate mguu. Nigombeze, ninyamazie mwaka mzima ukitaka, lakini ninyamazie ukiwa hapa, karibu na kliniki. Nakuomba. Nakuomba sana.

Bosibori


Kapkatet
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Bosibori,

Nilijua.

Nilijua tangu lile fungu. Uzi wa buluu ni wangu, mafundo ni yangu, isagek ni yangu, hata umande labda ulikuwa wangu. Na yule jirani mjinga ni wewe, pole. Kipkurui alikuwa ananiandikia. Usimpige, nilimlazimisha.

Nilikuwa nimeapa kwamba nikisikia hakuna kilichoota kwako, siji. Sasa na mimi nikuambie nililokuficha. Kidonda kimeanza kunuka. Wiki hii yote nimeogopa, na kila nikitaka kumwambia Kipngeno anichukue, kiburi kinanishika mdomo, kwa sababu nilishasema. Barua yako ilipofika nikasoma "nimeshindwa", nikalia. Nikafika kwa kofia ya Gekara, nikacheka hadi Kipngeno akaja mbio akidhani nimezidiwa.

Na sasa sikiza kuhusu hivyo vijiti. Usiving'oe! Miaka thelathini na moja kwenye chai, hukuwahi kujiuliza kwa nini mti haukuachwa ukue juu? Ukikatwa kichwa, unatoa mabega. Sukuma ni hivyo hivyo. Vipe wiki mbili, kila kijiti kitatoa vichipukizi pembeni, vinne, vitano. Vikirefuka kama kidole tunavibandua na kuvipanda kwenye mitungi mingine, na mama yake anaendelea kuzaa. Mimi miche yangu ya kila mwaka naipata hivyo. Wewe umefanya kwa bahati mbaya kile ninachofanya mimi kwa makusudi, ila mimi simwagii mtu kichwani. Na isagek ikifika shibiri moja, hiyo ndiyo ya kuchuma kama chai hasa, kichwa chote, itapanuka mpaka ushangae. Mikono yako haina makosa. Ilihitaji tu mtu wa kuiambia ianzie mmea gani.

Umeotesha, Bosibori. Kwa mwavuli, kwa machozi, umeotesha.

Nakuja Jumanne na gari la maziwa. Kusanya mitungi, ndoo zilizopasuka, hata karai lililotoboka, uweke kwenye balkoni yangu. Mimi nitakuwa natoboa nikiwa nimekaa, mguu juu ya stuli yako. Na nikifika, nigombeze wewe kwanza kwa kuchelewa, halafu nitakugombeza mimi.

Chelimo


Kericho
4 Agosti 2025

Kipngeno mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia mahindi yamebeba na yule ndama ameacha wazimu.

Leo daktari amefungua bandeji na hakuifunga tena. Kidonda kimefunga! Ngozi mpya, laini kama ya mtoto. Bosibori alipiga kigelegele ndani ya kliniki hadi nesi akamtoa nje, akaendelea kupigia nje. Nilishukuru Mungu, nikakushukuru na wewe hapo hapo kwa sauti, kwa sababu ulinivumilia na kiburi changu. Daktari akasema, "Mama, sasa unaweza kurudi nyumbani." Nikamwambia asante. Hakuniuliza lini.

Huku tunaendelea. Balkoni mbili zimejaa, na hii mara si uongo, umtume Kipkurui akapige picha. Sukuma tuliacha kuhesabu mwezi wa sita. Isagek anachuma Bosibori, mikono miwili kwa pamoja, hakuna wa kumshinda, lakini nimemfunga kikapu halisi mgongoni. Wamama wa ghorofa ya pili wanapanda kuja kuuliza, na yeye anawaambia habari ya kidole na samadi kama mtu aliyezaliwa shambani. Mimi naendelea kutoboa mitungi. Hata Gekara ana mitungi sita pale langoni, na mtu akiigusa anafukuzwa kama mwizi.

Asubuhi tunafungua milango yote miwili, tunaongea kutoka huku hadi kule. Sikio langu sasa si shida, kwa sababu yeye hajui kuongea polepole.

Umesema utakuja Jumamosi na gari kunichukua pamoja na kitanda. Nimefikiria sana, mwanangu, na usikasirike. Krismasi nitakuja niwaone, nikae wiki nzima, nile mahindi yenu. Shamba ni lako na mke wako, mnalijua. Jumamosi njoo, gari ulete. Lakini lije limejaa samadi, na lirudi bila mimi.

Mama yako,
Chelimo